Audre Lorde, Bila ya Kumkata Vipande

Kila ikifika siku ya wanawake mwezi wa tatu, kwenye ukumbi wetu hutundikwa picha. Utamkuta Bibi Titi Mohamed, utamkuta Wangari Maathai, na miaka hii miwili utamkuta pia mwanamke Mweusi wa Marekani, nywele fupi, miwani mikubwa. Chini yake pameandikwa mshairi na mwanaharakati. Basi. Mwaka huu nilimuuliza dada aliyekuwa akibandika kama anajua zaidi kuhusu mtu huyu. Akanambia anajua, ila mengine hayaandikiki pale.

Sikumlaumu. Mimi natoka Mgogoni, Pemba, yasiyoandikika nayajua. Lakini nimevisoma vitabu vya bibi huyu, na naona yeye hasa ndiye asiyefaa kufanyiwa hivyo. Maisha yake yote alikataa kukatwa. Akenda kwa Weusi anaambiwa hayo mambo ya wanawake ayaache mlangoni. Akenda kwa wanawake, rangi aiache mlangoni. Na kote huko aliombwa asitaje kwamba anapenda wanawake. Naye alikuwa akianza hotuba kwa kujitaja mote: Mweusi, msagaji, mama, mshairi, mpiganaji. Sasa sisi tumsifu kwa kumkata palepale alipokataa kukatwa? Nitamsimulia mzima. Msomaji anayetaka kufunua ukurasa mwingine ana ruhusa yangu.

Audre Geraldine Lorde alizaliwa New York tarehe 18 Februari 1934, mtoto wa tatu na wa mwisho, wote wasichana. Baba yake alitoka Barbados, mama alitoka Grenada. Walikwenda Marekani kutafuta maisha wakiwa na nia ya kurudi, na kama wengi wenye nia hiyo, hawakurudi. Walikaa Harlem. Mtoto alikuwa na macho mabovu, karibu na upofu, na mpaka anafika miaka minne alikuwa hasemi. Kusema na kusoma vikamjia pamoja. Katika maktaba ya mtaa wa 135 palikuwa na mkutubi Mweusi, Augusta Baker, aliyemsomea hadithi, na Audre aliamini maisha yake yote kwamba mama yule ndiye aliyemuokoa. Wazazi walimpa jina la Audrey. Akiwa bado mdogo akaikata ile y ya mwisho. Mkia wake haukumpendeza, alitaka majina yake mawili yamalizike sawasawa. Hiyo ikawa mara ya kwanza kujichagulia aitweje.

Nyumbani mama haishi kutaja Carriacou, kisiwa kidogo pembeni mwa Grenada walikotoka watu wake. Mtoto akakitafuta kwenye atlasi za skuli, hakipo. Akaanza kudhani mama anajitungia. Alikuja kukiona kwenye ramani akiwa na miaka 26, wakati anasomea ukutubi. Hapo nilicheka peke yangu maktabani. Mwaka wangu wa kwanza, kila aliyeniuliza kwetu wapi nikamjibu Mgogoni, aliniuliza Mgogoni ya wapi. Nikisema Pemba, wapo walionambia si ndiyo Unguja hiyo hiyo. Na Grenada yenyewe inajulikana kwa kungumanga kama sisi tunavyojulikana kwa karafuu. Wameitia hadi kwenye bendera yao.

Mama huyo alikuwa na kinu cha mbao kilichotoka visiwani, kina michongo ya matunda ubavuni. Audre amekiandika kinu kile kurasa na kurasa: uzito wake, mchi wake, kitunguu saumu na chumvi vinavyopondwa, na mchana mmoja wa utotoni siku aliyovunja ungo, yuko peke yake jikoni anatwanga viungo vya nyama huku mwili wake unamsemesha jambo jipya. Mimi nimekulia kwenye kinu. Sikupata kudhani kwamba kinu ni jambo la kuandikwa kitabuni, sembuse na mtu wa New York.

Kuna jingine alilolitoa Carriacou. Wanaume wa kule ni mabaharia na waunda vyombo, wanakaa baharini muda mrefu, na wanawake hubaki wenyewe kwa wenyewe, wanalima pamoja, wanalea pamoja. Kule kuna neno, zami, la wanawake wanaofanya kazi pamoja wakiwa marafiki na wapenzi. Audre alilichukua akalifanya jina la kitabu chake cha 1982, ambacho ni maisha yake mwenyewe kwa mchanganyiko wa tarehe, wasifu na ngano. Hakuona haja ya kwenda kuazima neno Ulaya. Alilikuta kwa mama yake. Na mama mwenyewe alikuwa mkali, mkimya, mcha Mungu wa Kikatoliki, asiyetaka hata kusikia habari hizo.

Sisi wa pwani tusijifanye neno hilo hatuna pa kulishikia. Mamangu ana shoga yake tangu utotoni. Waliolewa mwaka mmoja, wanaazimana kanga na vyungu, hakuna la siri baina yao. Shoga kwetu ni neno la heshima baina ya wanawake, ingawa mitaani limegeuzwa tusi la wanaume. Hiyo ni sehemu moja ya zami. Na kwa ile sehemu ya pili Kiswahili kina neno lake, la zamani, linalotokana na kusaga. Mwaka 1899 msomi wa Austria, Michael Haberlandt, alichapisha makala kuhusu mapenzi ya jinsia moja Zanzibar, na humo alinukuu maneno ya Kiswahili. Mwaka 1899! Hapakuwa na televisheni wala mradi wa mfadhili. Kwa hiyo anayesema jambo hili limeletwa juzi kwa ndege, kwanza agombane na kamusi. Anayesema dini imekataza, huyo anasema jambo jingine kabisa na ninamsikiliza, maana dini hiyo ni yangu pia. Na sheria ipo: Zanzibar ilibadilisha sheria yake ya adhabu mwaka 2004 ikawataja na wanawake waziwazi, kifungo kisichozidi miaka mitano au faini. Naandika nikiijua.

Turudi New York. Mwaka 1947, Audre alipomaliza madarasa ya chini, wazazi walimpeleka Washington kumpongeza. Wakaingia duka la aiskrimu wakakaa. Wakaambiwa wanunue waondoke nayo, kula pale hawaruhusiwi. Familia nzima ikainuka ikatoka, mgongo wima, kimya. Kimya kile ndicho kilichomuuma zaidi ya aiskrimu yenyewe, kwa sababu hata barabarani hakuna aliyelitaja lililotokea. Wazazi wake waliamini kwamba lisilotajwa haliumizi. Aliyelelewa kwetu anayajua malezi hayo.

Alisoma sekondari ya Hunter, skuli ya wasichana wenye akili. Huko shairi lake la mapenzi likaonekana halifai kwa jarida la skuli. Akalipeleka Seventeen, jarida la wasichana la nchi nzima, likachapishwa. (Wahariri wa jarida hili, mnasoma?) Akatoka kwao mapema, akapanga chumba, akafanya kazi alizozipata. Moja ilikuwa kiwandani Stamford, Connecticut, mwanzoni mwa miaka ya 1950: kusafisha na kupima fuwele za kutumika kwenye redio na rada. Wafanyakazi, wengi wao Weusi na Wapuerto Riko, walitia mikono kwenye dawa ya kuoshea inayoharibu ini, na walikaa kwenye mashine za eksirei bila ya kinga ya maana. Hakuna aliyewaambia. Liweke hilo moyoni, tutalihitaji mbele.

Mwaka 1954 alikwenda Meksiko kusoma. Kwa mara ya kwanza akatembea barabarani amezungukwa na watu wa rangi ya udongo, na hakuna anayemkodolea macho. Alirudi akiwa ameinua kichwa. Lakini New York ilikuwa ileile. Kwenye baa za Greenwich Village walikokutana wanawake wapendao wanawake, Weusi walikuwa wa kuhesabika vidole, na mlangoni alidaiwa kitambulisho kila akija. Kwenye chama cha waandishi wa Harlem walimvumilia tu, wakingoja akue aache ujinga. Wale wa Village walimpenda ila hawakumuona rangi. Wale wa Harlem waliiona rangi tu. Hiyo ndiyo hali niliyoisema mwanzo, na wakati huo ana miaka ishirini na kitu, na hana kitabu hata kimoja.

Miaka iliyofuata naipita mbio. Digrii Hunter 1959, ukutubi Columbia 1961, kazi ya maktaba. Mwaka 1962 aliolewa na Edwin Rollins, mwanasheria Mzungu ambaye naye alipenda wanaume. Kila mmoja alijua habari ya mwenzake. Walizaa wawili, Elizabeth na Jonathan, na wakaachana mwaka 1970. Wapo wanaoona ndoa hiyo kama unafiki. Mimi naona watu wawili waliotaka watoto wakawapata na wakawapenda.

Mwaka 1968 ndio uliomgeuza. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka, na chuo cha Weusi cha Tougaloo, Mississippi, kilimwalika kwa wiki sita kufundisha ushairi. Wanafunzi wa umri wetu, Weusi watupu, kusini kwenye moto wenyewe wa ubaguzi. Pale akajua kwamba kazi yake si kupanga vitabu vya watu rafuni. Pale pia alikutana na Frances Clayton, mwalimu wa saikolojia, Mzungu, na baadaye wakaishi pamoja Staten Island wakawalea wale watoto wawili kwa miaka mingi.

Aliporudi akafundisha vyuo vya jiji la New York, kimoja kikiwa John Jay, chuo cha mambo ya sheria na polisi. Madarasani alikuwa na askari. Wakati huo tayari mchapishaji wake, Mweusi mwenzake, alilitilia shaka shairi moja la mapenzi kwa mwanamke, na likaachwa nje ya kitabu. Jarida la Ms. likalichapisha. Audre akachana ukurasa ule, akenda nao John Jay, akaubandika ukutani kwenye idara ya Kiingereza. Kuanzia siku hiyo hapakuwa na wa kumtisha kwamba atamtoboa, maana ameshajitoboa mwenyewe. Nikipita kwenye mbao zetu za matangazo, za vyumba vya kupanga na simu zilizopotea, huwa nalifikiria karatasi lile.

Kitabu kilichoachwa bila ya shairi hilo kilipendekezwa kwa tuzo ya taifa ya vitabu mwaka 1974. Pamoja naye walipendekezwa Adrienne Rich na Alice Walker, nao wakaahidiana mapema: atakayepata yeyote, atapokea kwa niaba ya wote watatu na ya wanawake wote wasiosikika. Alipata Rich, akatimiza. Mwaka huohuo Audre alifika Dahomey, na baada ya hapo mashairi yake yalijaa miungu wa kike wa Afrika Magharibi. Hapa simfuati sana. Afrika yake inaishia upande ule jua linapozama, na mara nyingine inanukia kitabu zaidi kuliko jiko. Kinu cha mama yake kilikuwa Afrika ya kutosha.

Mwaka 1977 madaktari waliona uvimbe kwenye ziwa lake. Akangoja wiki tatu kujua ni nini, ikawa si kitu. Lakini katika kungoja aliyapitia maisha yake, na yaliyomjutisha zaidi yakawa ni yale aliyoyanyamazia. Mwezi wa Disemba alilisema hilo mbele ya wasomi, Chicago. Mwaka uliofuata uvimbe ukaja mwingine, na huo ukawa saratani. Septemba 1978, ana miaka 44, wakamkata ziwa la kulia.

Hospitali alijiwa na mama mmoja mwema wa kujitolea, kaleta ziwa bandia la pamba ya kondoo la kutia ndani ya sidiria, asionekane tofauti. Rangi yake ilikuwa ya ngozi ya Kizungu. Audre alilijaribu, akajitazama kiooni, akaliweka kando. Siku kumi baada ya upasuaji alikwenda kwa daktari, amevaa vizuri, na muuguzi akamwambia ni bora alivae, kwa kuwa akija bila ya hilo anawavunja moyo wagonjwa wengine. Hilo lilimkera kuliko kisu. Aliona kwamba kila mwanamke anayejificha anamnyima mwenzake kujua kuwa hayuko peke yake. Akaandika yote, maumivu, hofu ya kufa, ashiki yake, wanawake waliompikia na kumwogesha, na mwaka 1980 kikawa kitabu, The Cancer Journals. Wakati huo ugonjwa huo ulisemwa kwa kunong'ona.

Kwetu bado unasemwa hivyo. Mama yangu mdogo alikaa na uvimbe wake chini ya kanga zaidi ya mwaka. Hakumwambia mumewe, hakumwambia mamangu ambaye ni dada yake wa tumbo moja. Alijikaza, akachuma karafuu msimu mzima na mkono mmoja hauinuki. Alipokuja kusema, ilikuwa ni kuvuka bahari hadi Ocean Road, Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka, kwa vile chuo changu kiko karibu. Kwenye foleni ile nilikuwa na kitabu mkononi. Akaniuliza kinasema nini. Nikamwambia ni mwanamke aliyekatwa kama wewe, akakataa kujificha. Akanyamaza, kisha akauliza kama alikuwa na mume. Nikamwambia alikuwa na mwanamke mwenzake aliyekaa kitandani pake. Mama yangu mdogo akatazama chini, akafikiri, akasema maadamu alikuwa na mtu. Halafu akataka nimsomee, nikawa namtafsiria kidogo kidogo mpaka likaitwa jina lake. Simwongezei maneno. Hakuwa anabadilisha msimamo wowote wa dini yake. Alikuwa anataka kujua yule mwenzake alifanyaje.

Ndiyo maana nasema ukimkata Audre huwezi kukitumia hata kitabu cha saratani. Aliyemshika mkono ni nani? Ukimfuta Frances, na wale wanawake waliokuja na mito na supu, anabaki shujaa wa bango.

Zile hotuba zinazotajwa sana madarasani ni za miaka hii ya baada ya kisu. Ya mwaka 1979, ile ya zana za bwana na nyumba ya bwana, aliitoa New York kwenye kongamano la wanawake wasomi ambako Weusi wawili walitafutwa kwa simu saa za mwisho ili wasikosekane. Aliwaambia hivyo usoni, mkutanoni kwao. Mwaka 1980 yeye na Barbara Smith na wenzao wakaanzisha jumba la uchapishaji la wanawake wasio Wazungu, wakaliita Meza ya Jikoni, kwa sababu huko ndiko wanawake wanakozungumza. Agosti 1983, kwenye maandamano ya Washington ya kuadhimisha miaka 20 ya yale ya Martin Luther King, alipanda jukwaani kwa niaba ya mashoga na wasagaji, baada ya mvutano mkubwa kama wapewe nafasi au wasipewe. Alipewa dakika chache.

Miezi miwili baadaye jeshi la nchi yake likavamia kisiwa cha mama yake. Grenada ilikuwa na mapinduzi yake tangu 1979. Maurice Bishop aliuawa na wenzake Oktoba 1983, na siku chache mbele Wamarekani wakatua. Audre alikwenda mwishoni mwa mwaka huo kuona jamaa zake na majengo yaliyopigwa, akaandika insha ya hasira iliyoingizwa kitabuni, Sister Outsider, dakika za mwisho kabla ya kuchapwa. Kwa maoni yangu ndiyo insha yake bora, na ndiyo inayosomwa kidogo. Anayetoka kisiwa kidogo asianze na nyingine.

Mwaka 1984 saratani ilikuwa imefika ini. Ini, msomaji, kumbuka Stamford. Alikataa kukatwa tena, akatafuta tiba nyingine Ulaya, na Berlin Magharibi akafundisha Chuo Kikuu Huria. Huko akawauliza wako wapi Wajerumani Weusi. Wakaja wasichana, mmojammoja, May Ayim akiwemo, wengi wao hawajapata kukaa na Mweusi mwenzao. Hawakuwa na jina ila la matusi. Wakajiita Waafro-Jerumani, na mwaka 1986 wakatoa kitabu chao. Nasi tuna mtu wetu katika tarehe hiyo: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyefundisha Kiswahili chuoni Berlin akafa kambini Sachsenhausen mwaka 1944.

Na tusidhani mazungumzo haya hayakufika kwetu. Julai 1985 wanawake zaidi ya 10,000 walikusanyika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kongamano la asasi za kiraia, sambamba na mkutano wa Umoja wa Mataifa, na kwenye nyasi za chuo kile wanawake wapendao wanawake walikaa wakazungumza hadharani. Nyasi za chuo cha jirani yetu, si za New York.

Miaka ya mwisho aliishi St. Croix, kisiwa cha Karibi, na Gloria Joseph, mwanamke wa visiwa kama mama yake. Mwaka 1989 kimbunga Hugo kikapiga kisiwa kile, wakabaki bila ya umeme wala maji, naye mgonjwa, na akaandika juu ya hilo pia. Mwaka 1991 jimbo la New York likamfanya mshairi wake mkuu. Karibu na kufa akapewa kwa sherehe jina la Kiafrika, Gamba Adisa, maana yake mpiganaji, yule anayefanya aeleweke. Alifariki St. Croix tarehe 17 Novemba 1992, ana miaka 58. Januari iliyofuata watu kwa maelfu walijaa kwenye kanisa kuu la St. John the Divine, New York, kumkumbuka, na miongoni mwao walikuwamo watoto wake wawili.